Mbona Hajaokota Makopo?

Wajukuu zangu, kaeni. Swali mlilonijia nalo ndilo waliloniuliza baba zenu walipokuwa na umri wenu: kama kweli bangi inaharibu akili, mbona yule mzee wa shambani anavuta tangu ujana wake, amelima, ameoa, amesomesha watoto, na hajaokota makopo? Nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka. Nitalijibu tena, kwa sababu ni swali la haki, na kwa sababu majibu mnayopewa na watu wazima mengi si ya kweli.

Mliambiwa tangu shule ya msingi kwamba ukivuta mara moja tu unapata kichaa. Baadaye mkamwona mwenzenu amevuta, amelala, ameamka mzima, na jioni yuko uwanjani anacheza mpira. Tangu siku hiyo mkaacha kusikiliza neno lolote la mtu mzima kuhusu bangi, hata lililo sahihi. Hilo linaniumiza kuliko moshi wenyewe. Uongo uliokusudiwa kuwalinda ndio uliowavua kinga.

Mimi nimeuguza wagonjwa wa akili tangu nikiwa kijana mpaka nilipostaafu. Nimewaogesha, nimewalisha, nimekesha nao. Kwa hiyo nianze na lile ambalo wenzangu wanaogopa kuwaambia: wengi wanaovuta bangi hawaugui ugonjwa wa akili. Mzee wa shambani ni mmojawao. Skizofrenia, maradhi ambayo mtaani yanaitwa kichaa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba yanampata mtu mmoja katika kila 300 hivi, na wako wengi kati ya hao ambao hawajawahi kushika msokoto maishani mwao.

Kuisingizia bangi kila kitu si jambo geni. Mwaka 1893 serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala India iliunda tume kuchunguza bangi, na taarifa yake ikatoka mwaka uliofuata. Wajumbe walikwenda mpaka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wakafungua vitabu, wakamfuatilia mgonjwa mmoja mmoja aliyeandikwa kwamba bangi ndiyo iliyomtia wazimu. Wakagundua kuwa mara nyingi sababu ile iliandikwa tu, kwa neno la polisi aliyemleta mgonjwa, pasipo uchunguzi wowote. Wakahitimisha kuwa matumizi ya kiasi hayaonekani kuidhuru akili, lakini ya kupindukia yanaweza, hasa kwa mtu mwenye udhaifu wa asili. Zaidi ya miaka 100 imepita na tabia ile bado tunayo. Kijana akianza kuongea peke yake, mtaa mzima unasema "bangi hiyo", na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza kama ana homa iliyopanda kichwani, kama ana kifafa, kama amefiwa, kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua hivyo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watetezi wa bangi nao wanapowadanganya.

Nchini Uswidi vijana wa kiume karibu wote walikuwa wakiitwa jeshini. Walioitwa mwaka 1969 na 1970, zaidi ya 45,000, waliulizwa mambo mengi, likiwemo la dawa za kulevya. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka 15 kupitia kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1987 wakatoa matokeo. Wale waliokuwa wameshavuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini waliugua skizofrenia mara sita ya wale ambao hawakuwahi kuvuta. Watafiti hawakuishia hapo. Walijua kuwa baadhi ya wavutaji tayari walikuwa na shida nyingine za akili, au walitoka katika nyumba zenye misukosuko. Walipoyatoa hayo kwenye hesabu, mara sita ikashuka, ikabaki mara mbili na kidogo. Ilishuka, lakini haikwisha.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika vijana 100 wasiovuta, mmoja angeugua katika maisha yake. Tukichukua 100 wengine wanaovuta sana tangu wadogo, tuseme wanaugua wawili, watatu, pengine sita. Waliobaki, zaidi ya 90, ni wazima. Hao ndio mnaokaa nao kijiweni. Wale wachache hamwaoni, kwa sababu hawapo tena kijiweni. Mmoja yuko kwao, mlango umefungwa kwa nje. Mwingine amepelekwa kwa bibi yake kijijini, mkaambiwa amekwenda kutafuta kazi. Mwingine yuko wodini. Mnapotazama kulia na kushoto na kusema "mbona sisi sote tuko sawa", mnahesabu waliosalimika peke yao. Macho yenu hayawadanganyi kwa mnaowaona. Yanawadanganya kwa msiowaona. Mimi nimeishi upande wa pili, pamoja na hao ambao kijiwe kimewasahau, na ndiyo sababu tunaona mambo mawili tofauti mimi na nyinyi.

Mtaniuliza: basi nitajuaje kama mimi ni miongoni mwa wachache? Hamtajua. Hakuna kipimo cha damu kinachosema. Yapo mambo yanayoongeza uzito wa hatari, na yote mnaweza kuyafahamu leo hii kama mkitaka.

La kwanza kwangu, na hili nitalikalia muda mrefu kuliko mengine, ni umri. Mtoto anapofika miaka 12, 13, ubongo wake umeshakuwa mkubwa, lakini kazi haijakwisha. Kinachoendelea miaka hiyo, mpaka karibu na 25, ni kupunguza na kupanga. Viungio kati ya chembe za ubongo ni vingi kupita kiasi. Vinavyotumika huimarishwa, visivyohitajika huondolewa. Nyinyi ni watoto wa Muheza, mmeona mchungwa mchanga unavyopogolewa: mwenye shamba huzunguka mti, huchagua tawi la kubaki na tawi la kwenda, na mti huo utazaa miaka mingi kwa umbo aliloupa msimu ule. Ubongo una mfumo wake wa asili unaosaidia kazi hiyo, na una vipokezi maalumu ambavyo kazi yake ni kupokea kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Kemikali ya bangi inayolevya, THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964, inakalia vipokezi vilevile. Anayevuta akiwa na miaka 14 anamsukuma mkono mwenye panga wakati anachagua matawi. Anayeanza akiwa na miaka 40 amekuta mti umeshapogolewa zamani.

Ndiyo maana simshangai mzee wa shambani. Muulizeni kwa adabu alianza lini. Muulizeni pia alikuwa akivuta mara ngapi kwa wiki, na bangi yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Mjini Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu wakiwa wadogo. Walioanza bangi kabla hawajapita miaka 15 walionekana kuwa na dalili za ugonjwa wa namna ya skizofrenia walipofika 26 zaidi ya wale walioanza baadaye. Watafiti wale waligundua jambo jingine la kutufikirisha: baadhi ya watoto hao tayari walikuwa na dalili ndogo ndogo wakiwa na miaka 11, kabla ya bangi. Sehemu ya tofauti ilitokana na hilo. Kwa hiyo wako wanaovuta kwa sababu kichwa kimeshaanza kuwasumbua. Wanatafuta kunyamazisha kitu. Nimewauguza wengi wa aina hiyo, na sikuwahi kumlaumu hata mmoja. Lakini kinachonyamazisha saa mbili usiku ndicho kinachopiga kelele alfajiri.

Msidhani kwamba yote ni ya kukisia kutoka kwenye vitabu vya hesabu. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, watafiti waliwadunga THC mshipani watu wazima wenye afya njema, waliokubali, chini ya uangalizi. Wakiwa wamekaa pale hospitalini, baadhi yao wakaanza kushuku watu, mawazo yakavurugika, wakahisi mambo ambayo hayakuwepo. Ikapita baada ya muda mfupi, wakarudi hali yao. Basi kemikali hiyo inaweza, peke yake, kumpeleka mtu mzima kwenye mlango ule. Wengi wanarudi. Swali ni nani atakayekuta mlango umefungwa nyuma yake.

La pili ni ukali. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi. Miaka 20 baadaye ilikuwa imefika karibu 12. Mwaka 2019 Marta Di Forti wa London na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wapya wa akili na watu wazima wa afya kutoka miji kadhaa, mingi ya Ulaya. Aliyevuta kila siku alikuwa na uwezekano wa kuugua mara tatu ya asiyevuta. Aliyevuta kila siku ile kali, yenye THC ya asilimia 10 na kuendelea, karibu mara tano. Na hapa kwetu nasikia vijana wanaitafuta skanka, bangi kali ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaikamata ikiingizwa kutoka kusini. Cha Arusha, bangi ya zamani aliyovuta mzee wa shambani, na skanka ya leo havilingani. Mkijipimia usalama wenu kwa mzee yule, mmepima kwa kipimo cha kitu kingine.

La tatu ni damu. Kama baba, mama, ndugu wa tumbo moja au mjomba amewahi kuugua maradhi haya, bangi si yako, wala kuonja. Naomba hili mlichukue kwa uzito wake. Kaulizeni nyumbani. Msikubali kuambiwa "alirogwa" na mazungumzo yakafungwa. Ulizeni: alikuwa akisikia sauti? Alilazwa? Alianza akiwa na umri gani?

Nilimpokea kijana mmoja, jina lake silitaji. Alikuwa na miaka 17, mpole, hesabu anaziweza. Alianza kuvuta akiwa darasa la saba, kidogo kidogo, halafu kila siku kabla ya shule. Kidato cha tatu akaacha kulala. Akawa anakaa kimya sebuleni akisema redio inamtaja. Kisha akakataa chakula cha mama yake, akiamini kimetiwa kitu. Nyumbani wakasema ni jeuri ya bangi, akapigwa. Haikusaidia, akapelekwa kwa mganga, akakaa huko miezi. Walipomleta kwetu mikono ilikuwa na alama za kamba.

Alipata dawa, na wiki chache baadaye sauti zilikuwa zimenyamaza. Alikuwa anaomba daftari ili asipitwe na masomo. Mama yake alilia kwa furaha. Kijana akarudi nyumbani, akarudi kijiweni, wenzake wakampa msokoto wa kumkaribisha, na dawa akaziacha kwa sababu zilimtetemesha mikono. Akaugua tena, mara hii vibaya zaidi. Ndipo bibi yake aliponivuta pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake marehemu alikufa na maradhi hayo hayo, na ukoo mzima ulikubaliana kutolisema. Wale vijana waliompa msokoto hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Hawakujua kwamba kwa mtu aliyekwisha kuugua mara moja, bangi huyaita maradhi yarudi. Kijana mwenyewe hakujua kwamba alikuwa na babu wa namna hiyo. Aliyejua alinyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wakati mwingine anayeumbuliwa si yule aliyeficha.

Siyo kichaa peke yake kinachonitia wasiwasi. Utafiti uliokusanya tafiti nyingine 11 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliovuta bangi wakiwa balehe walipata sonona na mawazo ya kujiua zaidi kidogo walipokuwa watu wazima. Kwa mtu mmoja ongezeko hilo si kubwa. Kwa taifa la vijana ni kubwa. Halafu iko hali ambayo haina jina la kutisha: kusahau, kuchelewa kuelewa, kutotaka kuanza jambo. Kwa hali hiyo nina habari njema. Watu wazima waliovuta kwa miaka mingi walipoacha na kupimwa baada ya siku 28, kumbukumbu zao hazikutofautiana na za wasiovuta. Kwa walioanza wadogo mno sina uhakika huo wa kuwapa, ndiyo maana narudi pale pale kwenye umri.

Najua mtasema Wazungu wameihalalisha. Ni kweli, Kanada iliihalalisha mwaka 2018, na Ujerumani mwaka 2024. Lakini someni walichokiandika. Jimbo la Quebec lilipandisha umri wa kununua mpaka miaka 21. Wajerumani, kwa mwanachama wa klabu za bangi aliye kati ya miaka 18 na 21, wameweka kikomo: THC isizidi asilimia 10, na gramu zisizidi 30 kwa mwezi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Hao ndio waliofungua mlango, na bado wamesimama pale kuhesabu umri wa anayeingia. Nanyi mnaoniambia ni dawa, mko sahihi nusu. Iko dawa ya aina fulani kali za kifafa cha watoto inayotokana na mmea huu. Lakini kilichomo ni CBD, ambayo hailevyi, na wala si THC mnayoitafuta kijiweni.

Sitawaapisha leo. Viapo vya mbele ya mzee havifiki kona ya barabara. Ninachowaomba ni hiki: ambaye hajaanza, asubiri. Kila mwaka unaosubiri ni mwaka ubongo wako umepata kumaliza kazi yake. Ambaye anavuta kila siku, ajaribu kuacha, na ajue mapema kitakachomkuta: hasira za karibu, usingizi kupaa, chakula kutopanda, ndoto nzito. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na katika wiki mbili au tatu nyingi hupungua. Wengi hurudi katika siku hizo za mwanzo wakidhani mwili umeihitaji bangi ili kuishi. Kama umeshindwa, si kwamba wewe ni dhaifu. Katika wanaoanza wakiwa balehe, mmoja kati ya sita hivi hunaswa. Njoo useme, usaidiwe.

Na mchungeni mwenzenu. Akianza kujitenga, kukesha, kuacha kuoga, kushuku kwamba mnamsema, kucheka na asiyeonekana, msimcheke wala msimwongezee msokoto ili "atulie". Msimwite Mirembe, ile ni hospitali, na walioko pale ni watu wa watu. Kule Lutindi, milimani Korogwe, wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu enzi za Wajerumani, na wengi walishuka mlima wakarudi kulima. Kadiri mgonjwa anavyofikishwa mapema ndivyo anavyopona vizuri zaidi, na miezi ya kufungwa kamba ni miezi ya kumpoteza. Mpelekeni kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au Bombo pale Tanga mjini. Nendeni na mtu wa nyumbani kwake. Mkiulizwa amevuta nini, semeni ukweli wote: aina gani, mara ngapi, tangu lini, na lini mara ya mwisho. Muuguzi hakuulizi ili akupeleke polisi. Anauliza ili ajue atakachomtibu. Na kama nyumbani kwao wamekataa, au wanaona haya, njooni kwangu saa yoyote, nitakwenda kuzungumza na mama yake.